Mvua Ikikosa Masinga, Bili Hupanda Umoja

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea na makala haya, hebu tafuta bili yako ya stima ya hivi majuzi, au ule ujumbe unaoletwa kwenye simu ununuapo tokeni. Usitazame yuniti pekee. Tazama pia hela zilizokatwa pembeni. Ukipata mchanganuo wake kamili, utakuta ada kadha wa kadha: ada ya mafuta, ada ya kupanda na kushuka kwa shilingi, ada ya mfumko wa bei, ada ya maji, ada ya kupeleka stima mashambani, na juu ya hayo ushuru wa VAT.

Wengi wetu tukiziona ada hizi huguna tu, tukasema hayo ni mambo ya wakubwa, tukatia tokeni na kuendelea na maisha. Leo nataka tusigune. Nataka tuishike ada moja tu, ile ya mafuta, tuivute kama mtu avutaye uzi uliochomoza kwenye sweta. Tukiuvuta uzi huo tutaona kwamba umeshona pamoja mambo matatu ambayo magazeti hutupa katika kurasa tatu tofauti: kawi tuliyo nayo, moshi unaopanda angani, na uchumi unaotulisha.

Swali la kwanza ni hili. Ikiwa umeme wetu mwingi hutokana na maji, mvuke wa ardhini na upepo, mafuta yameingiaje katika bili ya mama anayepiga pasi sare za watoto huko Umoja?

Tone moja, kazi tano

Jibu linaanzia mto Tana. Katika mto huo kuna mabwawa yaitwayo kwa pamoja Seven Forks. Jina lasema saba, lakini mabwawa yenyewe ni matano. Kindaruma lilianza kazi mwaka wa 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka wa 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa pamoja mitambo yake inaweza kutoa karibu megawati 600.

Kwa mwanafunzi anayejiuliza megawati ni kitu gani: pasi ya umeme hula karibu kilowati moja. Megawati moja basi ni pasi elfu moja zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Pasi hiyo moja ikiwashwa kwa saa nzima, imekula yuniti moja.

Uzuri wa mabwawa haya ni kwamba yamepangwa kama ngazi. Maji yakitoka Masinga huingia Kamburu, kisha Gitaru, kisha Kindaruma, kisha Kiambere. Tone lile lile moja hufanya kazi mara tano kabla ya kwenda zake Garissa na hatimaye Bahari Hindi. Lakini uzuri huu una upande wake wa pili. Tone ambalo halikuingia Masinga, kwa kuwa mvua ilikataa kunyesha Nyandarua na Mlima Kenya, limekosekana mara tano. Ndiyo maana ukame ambao kwa mkulima ni hasara ya msimu mmoja, kwa mwenye kuzalisha umeme huwa ni msiba unaoshuka ngazi kwa ngazi.

Na hapo ndipo mafuta huingia. Maji yakipungua, hakuna anayekuja nyumbani kwako kukwambia upige pasi kidogo. Mitambo ya dizeli na mafuta mazito huwashwa kujaza pengo, nayo mafuta hayo hununuliwa ng'ambo kwa dola. Gharama yake hupigwa hesabu kila mwezi, hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha hugawiwa kila yuniti unayonunua. Hiyo ndiyo ada ya mafuta. Ukame wa Murang'a umefika kwenye simu yako.

Mwaka wa giza

Wasomaji wetu wenye umri wa kutosha watakumbuka mwaka wa 2000. Wakati huo zaidi ya thuluthi mbili za umeme wa Kenya ulitegemea maji. Mvua zikakosa mwaka wa 1999 na tena mwaka uliofuata. Mabwawa yakashuka hata udongo wa kingo zake ukapasuka. Ukaja mgao mkali wa stima, mitaa mingi ikawa gizani kwa saa nyingi kila siku, na kandili zilizokuwa zimesahauliwa juu ya kabati zikashushwa zikapanguswa vumbi.

Giza la nyumbani lilikuwa dogo kuliko lile la kazini. Fundi wa kuchomelea vyuma katika jua kali hawezi kuchomelea kwa mshumaa. Kinyozi hanyoi kwa mashine isiyo na moto. Mwenye kinu cha kusagia unga hukaa akitazamana na magunia ya watu, na mwenye kuuza maziwa huyatazama yakichacha. Viwanda vikubwa vilinunua jenereta, vile vidogo vikapunguza zamu, na vibarua wakaambiwa warudi wakiitwa. Mwaka huo uchumi wa Kenya haukukua hata kwa asilimia moja. Sisemi ni stima pekee iliyofanya hivyo, kwa maana ukame ule ule uliwaangamiza pia mifugo na mimea. Lakini ni nani aliyeishi mijini wakati ule asiyejua sehemu ya stima katika shida hiyo?

Serikali ilifanya lile ambalo kila mtu aliyebanwa hufanya. Ilitafuta haraka. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kampuni za ng'ambo ziliitwa zilete jenereta kubwa za dizeli za kukodi, jumla yake yapata megawati 100. Stima ikarudi. Bili nazo zikapanda.

Usidhani tulijifunza mara moja. Mwaka wa 2006 jenereta za kukodi zilirudi. Mwaka wa 2009 maji ya Masinga yalishuka chini ya kiwango cha kuendeshea mitambo, bwawa likafungwa, mgao ukarudi, na dizeli ikaungurumishwa tena.

Hesabu ya dizeli

Hebu watoto wachukue kalamu. Lita moja ya dizeli ina kawi ya karibu yuniti kumi. Lakini injini, hata iliyo nzuri, haiwezi kuigeuza kawi yote hiyo kuwa umeme. Yuniti kama nne ndizo hupatikana. Zile sita nyingine hupotea kama joto kupitia bomba la moshi na maji ya kupozea. Huo si uzembe wa fundi, ni sheria ya maumbile. Kila injini inayochoma mafuta hulipa kodi hiyo, na hakuna waziri anayeweza kuisamehe.

Sasa chukua jenereta za megawati 100 zikienda mchana na usiku bila kupumzika. Kwa siku moja zitatoa yuniti milioni 2.4. Gawa kwa nne, upate lita 600,000 za dizeli. Lori kubwa la mafuta hubeba kama lita 36,000. Basi ni malori kama 17 kila siku, yakitoka Mombasa yamejaa na kurudi matupu.

Bado hatujamaliza. Lita moja ya dizeli ina uzito usiofika kilo moja, lakini ikichomwa hutoa karibu kilo 2.7 za gesi ya kaboni dayoksaidi. Inawezekanaje moshi uwe mzito kuliko mafuta? Mwanafunzi wa kemia atajibu: kaboni iliyomo katika mafuta hushikana na oksijeni ya hewa, na oksijeni hiyo ndiyo inayoongeza uzito. Zidisha lita 600,000 kwa 2.7, upate zaidi ya tani 1,600 za gesi hiyo kwa siku moja.

Tazama basi jinsi mambo matatu yalivyo moja. Zile lita 600,000 ni umeme wa kuokoa kazi za watu. Lita hizo hizo ni dola zinazotoka nchini. Na lita hizo hizo ni tani 1,600 angani. Huwezi kuchukua moja ukakataa nyingine. Shilingi yetu ilipodhoofika hadi karibu 160 kwa dola mapema mwaka wa 2024, mafuta yale yale yaligharimu shilingi nyingi zaidi ingawa hakuna tone lililoongezeka.

Moshi huenda wapi?

Msomaji mmoja atasema, "Lakini sisi Wakenya tunachafua hewa kiasi gani?" Ana haki ya kuuliza. Sehemu yetu katika kaboni dayoksaidi itokanayo na mafuta ya dunia nzima haifiki hata asilimia 0.1. Mkenya wa kawaida hutoa chini ya nusu tani ya kaboni dayoksaidi itokanayo na mafuta kwa mwaka. Mmarekani wa kawaida hutoa kama tani 14. Tukizima kila jenereta nchini usiku wa leo, joto la dunia halitashtuka.

Hata hivyo, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Gesi hii haina mpaka wala pasipoti. Inayotoka Texas, Shanghai na Berlin huchanganyika na kuifunika dunia nzima kama blanketi, na joto likizidi, maji hukauka upesi na mvua hubadili tabia. Kati ya mwaka wa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo katika eneo letu la Pembe ya Afrika, na Kenya ikapoteza mifugo wapatao milioni mbili na nusu. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walitangaza mwezi wa Aprili 2023 kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kulifanya ukame wa aina hiyo kuwa rahisi kutokea angalau mara 100 zaidi. Mwaka mmoja tu baadaye, kati ya Machi na Mei 2024, mvua zikaja kwa ghadhabu, mafuriko yakaua watu karibu 300, na Masinga lilelile likafurika.

Ukame wa jana na mafuriko ya leo ni hasara kwa bwawa. Lililo kavu halizungushi mtambo. Lililofurika humwaga maji ambayo yangefaa mwakani, na huletewa tope kutoka miteremko iliyolimwa bila matuta, tope linalokaa chini na kula nafasi ya maji. Kwa hiyo duara limekamilika. Moshi huharibu mvua, mvua huharibu bwawa, bwawa huita dizeli, nayo dizeli hutoa moshi. Sehemu yetu ya moshi ni ndogo. Sehemu yetu ya hasara si ndogo hata kidogo.

Mvuke wa Olkaria

Je, hakuna njia ya kuukata mnyororo huu? Ipo, na Kenya imeionyesha dunia.

Huko Olkaria, karibu na Naivasha, miamba yenye moto iko karibu na uso wa ardhi. Visima huchimbwa hadi kina cha kama kilomita tatu, na mvuke upandao huzungusha mitambo. Kiwanda cha kwanza kilianza mwaka wa 1981 kwa megawati 15 tu. Mvuke huu haujui masika wala kiangazi. Hauhitaji dola kila juma, na gesi inayotoka nao ni kidogo ukilinganisha na ya dizeli.

Tuliujua utajiri huo tangu 1981, lakini hadi ulipofika ule mwaka wa giza tulikuwa bado tunautumia kidogo mno. Kuchimba kisima kimoja hugharimu mamia ya mamilioni ya shilingi, na huenda mvuke usipatikane. Jenereta ya kukodi haidai subira hiyo. Yafika bandarini, yafungwa, yaunguruma. Wanaotawala kwa miaka mitano mitano hupendelea kitu kinachounguruma.

Ni baada ya kuumwa mara tatu ndipo fedha za kutosha zilipotiwa Olkaria. Mwaka wa 2014 na mwanzoni mwa 2015, megawati 280 mpya za mvuke ziliingia kwenye waya. Ada ya mafuta ikashuka kwa zaidi ya nusu. Kumbuka hilo, msomaji. Hatukuhubiriwa kuhusu mazingira ndipo bili ikashuka. Bili ilishuka kwa sababu moshi ulipungua. Leo mvuke hutoa kama asilimia 40 ya umeme wetu, na mafuta yamebaki karibu sehemu moja kati ya kumi.

Sitaki kumwonyesha msomaji upande mmoja wa shilingi. Hakuna kawi isiyo na gharama. Wamaasai walihamishwa mwaka wa 2014 ili kupisha mitambo ya Olkaria, na malalamiko yao yalifika hadi kwa wakaguzi wa Benki ya Dunia. Huko Loiyangalani, ardhi ya mradi wa upepo ilizua kesi, na mwaka wa 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati zake zilitolewa kinyume cha utaratibu. Kawi safi iliyopatikana kwa njia isiyo safi huacha deni pia, ila tu deni hilo haliandikwi kwenye bili.

Upepo uliongoja waya

Kisa cha upepo huo chafaa kusimuliwa kila darasa. Karibu na Ziwa Turkana zilisimamishwa panga 365 za kuvuna upepo, zenye uwezo wa megawati 310. Kufikia mwaka wa 2017 zilikuwa tayari. Upepo ulikuwapo, kama ulivyokuwapo tangu enzi za mababu. Kilichokosekana ni waya. Njia ya umeme ya kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, ilikuwa haijamalizika. Ilimalizika mwezi wa Septemba 2018.

Kwa zaidi ya mwaka mzima panga zilisimama, na kwa kuwa mkataba ulisema hivyo, mabilioni ya shilingi yakalipwa kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia. Wakati huo huo, dizeli iliendelea kuchomwa upande huu wa nchi. Tulilipia upepo tusioupata, na tukalipia moshi tulioupata.

Kinyume cha kosa hilo ni kosa la kujenga kitu kikubwa kisichohitajika. Ulikuwapo mpango wa kiwanda cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Lamu. Mwezi wa Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni yake, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wengi waliushangilia uamuzi huo kwa ajili ya samaki, mikoko na hewa ya kisiwa hicho, nami niliona ni sawa. Lakini kulikuwa na hoja ya mfuko vilevile. Makaa yenyewe yangeanza kwa kuagizwa ng'ambo, na mikataba ya viwanda kama hivyo hudai malipo hata siku ambayo umeme wake haukuhitajiwa. Tungejifunga kwa miaka mingi kununua moshi.

Kisha tukaingia katika kosa la tatu, nalo ni kutofanya lolote. Baada ya jopo la rais kuichunguza mikataba ya umeme mwaka wa 2021 na kuona kwamba tulikuwa tukiuziwa ghali, mikataba mipya ilisitishwa kwa miaka kadhaa. Kuchunguza kulikuwa kwema. Lakini watu hawakusitishwa kuzaliana, wala nyumba hazikusitishwa kujengwa Ruiru na Kitengela. Mwezi wa Februari 2025 mahitaji ya umeme kwa wakati mmoja yalipita megawati 2,300. Mwezi wa Novemba 2022 tulianza kununua hadi megawati 200 kutoka Ethiopia, kwa waya wa zaidi ya kilomita elfu moja. Ni umeme wa bei nafuu na hauna moshi, ila nao unatokana na maji, na mvua za jirani si mali yetu.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji abaki nalo. Umeme wenye moshi mwingi na bei kubwa kuliko wote ni ule unaonunuliwa kwa dharura. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuna desturi ya kukodi ukuta, kwa dola, mwezi baada ya mwezi. Nchi inayopanga miaka kumi mbele huchagua kati ya mvuke, upepo, jua na maji. Nchi inayongoja bwawa likauke haichagui kitu. Huchukua kilichopo bandarini.

Mambo ya jikoni

Usifikiri dharura ni ya serikali tu. Mambo ni hayo hayo jikoni. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilipika kwa kuni, na nyumba nyingine zaidi ya moja katika kila kumi kwa makaa. Karibu robo zilitumia gesi.

Mwezi wa Septemba 2018 mafuta taa yaliongezewa ada ya shilingi 18 kwa lita, ili walaghai wasiyachanganye na dizeli. Lengo lilikuwa zuri, lakini mzigo ulimwangukia mwenye stovu. Mwezi wa Julai 2021 gesi ya kupikia ikatiwa VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka wa 2023 ikaondolewa. Kila gesi inapopanda, mtungi husukumwa kwenye kona na jiko la makaa hurudi barazani. Nani atamlaumu mama mwenye watoto watano na shilingi mia moja mkononi? Makaa huuzwa kwa kopo, lakini mtungi haujazwi kwa kopo.

Ila tukumbuke kilichomo ndani ya kopo lile. Kupata kilo moja ya makaa kwa tanuri ya udongo, huchomwa kilo tano hadi kumi za mti. Sehemu kubwa ya kawi ya mti huo iliishia msituni kama moshi kabla hata hujawasha jiko. Miti ikiisha milimani, mvua huosha udongo. Nimekwisha kusema udongo huo huenda wapi.

Kwa hiyo ushuru unaotiwa gesi huko bungeni waweza kuishia kuwa tope bwawani. Anayeandika sheria ya kodi anaandika pia sheria ya misitu, apende asipende.

Familia itafanya nini?

Sitamwambia mtu alale gizani. Mnyonge hakulifanya tatizo hili, wala hatalitatua kwa kuzima balbu moja. Lakini kuna mambo yanayomfaidi mwenyewe kwanza, ndipo yafaidi nchi.

La kwanza ni wakati. Umeme hauna bei moja kwa nchi mchana na usiku, hata kama kwako bei ni moja. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku kila mtu huwasha taa, televisheni na jiko kwa pamoja, na hapo ndipo mitambo ya mafuta huitwa. Usiku wa manane mambo hugeuka. Mvuke wa Olkaria hukosa wa kuutumia, mwingine ukaachwa upae hewani bure. Pasi inayopigwa alfajiri au mchana wa Jumamosi haigusi dizeli kama ile ya saa mbili usiku.

La pili ni chombo. Jiko la udongo na bati tunaloliona kila soko, lililobuniwa hapa kwetu miaka ya 1980, laweza kupunguza makaa kwa theluthi moja hadi nusu likilinganishwa na lile la bati tupu. Sufuria yenye kifuniko na maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha hupunguza zaidi. Bibi zetu walijua hilo kabla ya neno kaboni kufika kijijini.

La tatu ni sauti. Mgombea akija kwenu na ahadi ya kupunguza bili ya stima, mwulize swali moja tu: je, utapunguza kwa kuongeza kisima gani, waya upi, au jua la wapi, na utamaliza mwaka gani? Asipokuwa na jibu, anachokuahidi ni ruzuku. Ruzuku hulipwa kwa kodi yako, na moto wake huzimika baada ya uchaguzi.

Zoezi la juma

Wanafunzi, chukueni daftari. Kwa siku saba mfululizo someni mita ya nyumbani saa kumi na mbili jioni, na tena saa nne usiku. Andikeni yuniti zilizotumika kati ya nyakati hizo. Siku ya nane zijumlisheni, kisha mzilinganishe na jumla ya yuniti za juma zima. Ikiwa zaidi ya theluthi moja imeliwa katika saa hizo nne, ulizeni ni kipi kati ya vilivyowashwa kingeweza kungoja. Mleteeni mwalimu wa Jiografia hesabu hiyo pamoja na majina ya yale mabwawa matano, kwa mpangilio wa maji yanavyoteremka.

Wazazi, msiwapigie watoto kelele kwa kusimama mbele ya mita. Wanasoma.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.